Waliojenga Mbweni: Kujitolea kwa Wageni na Kazi ya Watoto, 1864–1902

Mtu atokaye mjini Unguja na kufuata pwani kuelekea kusini hufika Mbweni, na hapo karibu na bahari huona magofu ya jengo kubwa la mawe ya matumbawe, ambalo mapaa yake yamekwisha kuanguka na ambalo miti imetia mizizi katika kuta zake. Jengo hilo lilikuwa Shule ya Mtakatifu Maria, shule ya wasichana waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Si mbali na hapo liko kanisa dogo la Mtakatifu Yohana, lililojengwa mwaka 1882, pamoja na makaburi yake. Wapitao wakiuliza ni nani waliojenga, huambiwa kwamba ni Wamisheni, Waingereza. Jibu hilo si la uongo, walakini lina upungufu, na upungufu huo ndio nitakaoujadili katika makala haya.

Kilichonitia katika uchunguzi huu si magofu yenyewe, bali ni sentensi moja ya Kiswahili. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo kwa ajili ya shahada ya udaktari, kanisa moja la mji ule lilikuwa likiwaandaa vijana kumi na wawili waende Tanzania kwa majuma matatu, kujenga madarasa mawili kwa ajili ya watoto yatima. Niliombwa niwafundishe maamkizi na maneno machache ya kuwafaa njiani. Walikuwa vijana wema. Walikuwa wamejichangia nauli kwa kuuza keki na kuosha magari ya watu, nao walijifunza kwa bidii kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha baadaye kwa mshahara. Sentensi waliyoitaka kuliko zote ilikuwa hii: "Tumekuja kuwajengea shule." Niliwapa. Kisha nikawaeleza kwamba kitenzi hiki cha kujengea humtaka mtendaji upande mmoja na mtendewa upande wa pili, na kwamba lugha inayo pia njia ya kusema "kujenga pamoja nanyi." Kiongozi wao akaona kwamba ile ya kwanza yatosha, kwa kuwa ni fupi.

Mwaka uliofuata nilirudi nyumbani kwa likizo, nikapita katika kijiji kile. Madarasa yalikuwapo, mazuri, yameezekwa bati. Juu ya mlango palikuwa na kibao chenye jina la kanisa na majina kumi na mawili. Fundi aliyeisimamia kazi ile alinionyesha daftari lake, na ndani yake mlikuwa na orodha ndefu: mama fulani, maji, ndoo arubaini, mama fulani, mchanga, ndoo thelathini na mbili, watoto wa darasa la tano, kubeba matofali.

"Fundi, hawa ni nani?" nilimwuliza.

"Hao ni wa maji na mchanga, mwalimu," alinijibu. "Wale wengine hawakuhitaji daftari. Wapo mlangoni."

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa akinieleza tu utaratibu wake wa hesabu. Lakini tangu siku ile sijaweza kusoma taarifa ya misheni ya zamani pasipo kujiuliza daftari la fundi liko wapi.

Misheni iliyojenga Mbweni ndiyo ile ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi zake U.M.C.A. Chanzo chake ni hotuba aliyoitoa David Livingstone katika chuo kikuu cha Cambridge tarehe 4 Desemba 1857, akiwataka vijana wasomi waende Afrika. Oxford na Cambridge waliitikia, wakafuatwa na Durham na Dublin. Yafaa tukumbuke kwamba watu hawa walikuwa ni watu wa kujitolea kwa maana kamili ya neno hilo. Hawakulipwa mshahara, walipewa chakula, mahali pa kulala na posho ndogo ya mavazi, na walitazamiwa wasioe maadamu wako katika kazi. Wengi hawakurudi kwao. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, aliwekwa wakfu tarehe 1 Januari 1861. Katika Januari ya mwaka uliofuata alikwisha kufa kwa homa karibu na makutano ya mito Ruo na Shire. Mtu atakayewadhihaki watu wa namna hiyo hana budi kwanza ayahesabu makaburi yao.

Huko Magomero, katika nyanda za juu za Shire, Misheni ilijikuta ina kazi isiyoitazamia. Watu waliokombolewa katika misafara ya watumwa mwezi Julai 1861 walikuwa wengi wao wanawake na watoto, na kwa hiyo watu waliokuja kuwahubiria wafalme na wazee wakawa walezi. Baada ya maradhi, njaa na vita, askofu wa pili, William Tozer, aliiondoa Misheni huko na kuileta Unguja mwezi Agosti 1864. Hata huko hakuwa na wanafunzi. Sultani Majid ndiye aliyempatia wa kwanza: wavulana watano waliotekwa katika jahazi la watumwa.

Hapa ndipo pa kutua. Katika nyumba ile moja walikaa askofu, kasisi wake Edward Steere na watoto watano, na Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani ya hata mmoja wao. Watoto walikuwa wa bara, na wakubwa walikuwa wa Uingereza. Wote walikuwa wanafunzi wa lugha ya mji. Tofauti ni kwamba mtoto hujifunza lugha upesi kuliko askofu, na kwa hiyo muda si mrefu mwenye kufundishwa alikuwa na jambo la kumfundisha mwalimu wake. Katika mambo yote ya Misheni ile hili ndilo lililoandikwa kwa uchache kuliko yote, ingawa matokeo yake twayashika mikononi kila tufunguapo kamusi.

Tazama kazi alizozitoa Steere. Mwaka 1867 alitoa maelezo ya Kishambala, na mwaka 1869 msamiati mfupi wa Kingindo, Kizaramo na Kingazija. Mwaka 1870 kilitoka kitabu chake kikubwa cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, na katika mwaka huohuo hadithi zile ziitwazo Swahili Tales. Mwaka 1871 zikafuata kazi za Kiyao na Kinyamwezi, na mwaka 1876 Kimakonde. Mtu akiisoma orodha hii bila kujua mambo atadhani kwamba mwandishi alizunguka bara lote. Lakini lugha hizi zilimjia Unguja kwa miguu ya wenyewe. Na ni kitu gani kilichowaleta Unguja Wayao na Wangindo wengi namna ile katika miaka ya 1860? Kwa sehemu kubwa kilikuwa ni biashara ileile ambayo Misheni ilikuja kuipinga. Sisemi hivi kumlaumu Steere, ambaye alikuwa na sikio jema kupita wengi waliomfuata. Nasema tu kwamba wingi wa lugha katika maktaba yake ulitokana na wingi wa misiba.

Wala si watoto na watu wa bara peke yao waliompa lugha. Katika dibaji ya kitabu chake cha 1870 Steere mwenyewe asimulia jinsi Sheikh Abdul Aziz, mwanachuoni mwenye asili ya Barawa na kadhi mashuhuri wa Unguja, alivyojitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora na safi. Msomaji na alitazame jambo hili vizuri. Mwislamu, tena kadhi, anamfanyia kasisi Mkristo kazi ya bure, kwa ajili ya elimu na ujirani. Kazi ile haikupita Zaburi ya kumi na sita. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na tena Steere aliona kwamba lugha yake ilikuwa ya kisomi mno kwa haja za Misheni.

Sababu hiyo ya pili yastahili kufikiriwa kuliko ilivyofikiriwa mpaka sasa. Haja za Misheni zilikuwa ni haja za watoto waliookolewa, waliotoka makabila mbalimbali na waliojifunza Kiswahili wakiwa wakubwa kidogo. Lugha ya sheikh ingewapita juu ya vichwa vyao. Hivyo Steere akachagua Kiswahili chepesi, kilichonyoka, chenye sentensi fupi. Wanaolalamika kwamba Kiswahili cha vitabu ni kikavu kikilinganishwa na kile cha Mvita au Lamu huwalaumu Wazungu. Kwa maoni yangu, ukavu huo (kama ni ukavu) una chanzo kingine pia: ni alama ya wasomaji wake wa kwanza, ambao hawakuzaliwa nacho bali walitupwa ndani yake kama mtu atupwavyo majini.

Sasa turudi kwenye mawe. Shamba la Mbweni lilinunuliwa mwaka 1871. Mkataba wa Juni 1873 baina ya Sultani Barghash na Waingereza ulipofunga soko la watumwa, na manowari iitwayo London ilipotia nanga Unguja kuanzia 1874 hadi 1883 kuyasaka majahazi, watu waliotekwa waliongezeka, na Misheni ikapewa wengi wao. Watu wazima waliwekwa Mbweni, wakapewa viwanja vya nyumba na bustani, wakafanya kazi ya ujira katika shamba na majengo. Wavulana walisoma Kiungani, na wasichana Mbweni. Mwaka 1873, katika sikukuu ya Krismasi, liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Mkunazini, mahali pa soko lenyewe. Sehemu ya kiwanja ilikuwa zawadi ya mmisheni Arthur West, aliyeinunua kwa mali yake, na sehemu nyingine ilitolewa na Jairam Senji, tajiri wa Kihindi.

Ajuaye jinsi nyumba ya mawe ya Unguja inavyojengwa hatasadiki kamwe kwamba yalijengwa na wageni. Kwanza ni mawe ya matumbawe, ya kuvunjwa na kubebwa. Kisha chokaa: mawe huchomwa juu ya rundo kubwa la magogo, hutiwa maji, na chokaa huachwa mpaka iive, ndipo ichanganywe na mchanga na udongo mwekundu. Juu ya kuta huwekwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za zamani za Unguja ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti hupangwa mawe madogo, humwagwa chokaa na kokoto, na hapo tena huanza kazi ya kupigilia sakafu, ambayo huchukua siku nyingi na hutaka watu wengi kwa pamoja, hasa wanawake na watoto, wakipiga kwa vijiti na kuimba ili mapigo yasipotane. Kazi hiyo haina mahali pa kuweka jina la mtu mmoja.

Steere alikuwa askofu tangu 1874, na ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu, hata aliwashangaza watu kwa kuliezeka bila boriti. Alilipa paa la duara, kama nusu ya pipa, la zege ya saruji na mawe ya matumbawe, na wengi mjini walitabiri kwamba litaanguka. Halikuanguka. Sifa ya fikra ile ni yake kwa haki. Lakini zege haipandi juu kwa fikra. Steere alikufa mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya altare. Waliopandisha zege hawana maandishi mahali po pote ndani ya kanisa lile, nami nimelitazama mara nyingi.

Caroline Thackeray alifika Mbweni mwaka 1877 na kuiongoza Shule ya Mtakatifu Maria mpaka 1902. Alikuwa jamaa wa yule mwandishi mashuhuri wa riwaya wa Kiingereza mwenye jina hilo. Alitumia mali yake mwenyewe katika kazi, na alipoacha kuongoza shule hakurudi Uingereza, bali alikaa palepale Mbweni mpaka alipokufa mwaka 1926. Hiyo ni miaka arubaini na tisa. Kati ya wageni wote wa habari hii ndiye anayenishinda kumhukumu. Mtu akaaye miaka arubaini na tisa mahali pamoja, akazeeka pamoja na wanafunzi wake na kuwaona wajukuu wao, amekwisha kuacha kuwa mgeni, ijapokuwa lugha ya taarifa zake hubaki ya ugeni. Vijana wangu wa majuma matatu walikuwa na moyo kama wake. Kilichowapungukia ni muda wa kukosolewa.

Hata hivyo shule yake ilikuwa na mgawanyo ambao si wa kupita kimya. Wasichana walioonekana kuwa na akili ya vitabu walisomeshwa ili wawe walimu na wake wa walimu. Wale wengine walitiwa katika upande wa kazi za mikono, wakafundishwa kufua, kupika, kushona na kusuka mikeka. Hapana shaka kazi hizo zilikuwa na faida, maana shule ilipaswa kula na kuvaa. Lakini mtoto aliyeokolewa kazini na kutiwa kazini ana haki ya kuuliza tofauti, na tofauti ipo, nayo ni kubwa: hakuuzwa tena. Basi. Baada ya hapo swali lake labaki wazi. Mambo hayakuwa hivyo Unguja peke yake. Bagamoyo, ambako mapadre Wafaransa wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, watoto waliokombolewa walilima na kujenga. Freretown, karibu na Mombasa, iliyoanzishwa na misheni nyingine ya Waingereza mwaka 1875, mambo yaliharibika zaidi, hata mwaka 1881 yalichunguzwa malalamiko ya watu wa pale kwamba walikuwa wakichapwa mijeledi.

Na watoto wenyewe, je? Majina ya wachache twayajua. Katika wale wavulana watano wa 1864 alikuwamo John Swedi, aliyepewa daraja ya ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao, aliyekombolewa utotoni na kusoma Kiungani, alipewa ukasisi mwaka 1890 katika kanisa kuu la Mkunazini, akiwa kasisi wa kwanza Mwafrika wa Misheni hiyo, naye alifanya kazi miaka mingi Chitangali kusini mwa Tanzania ya leo. Yatazame majina haya kwa jicho la mwanalugha. Swedi na Majaliwa si majina ya Kiyao wala ya kabila jingine la bara. Ni majina ya pwani, ambayo mara nyingi ndiyo waliyopewa watu waliofika wakiwa hawana wa kuwataja. Majaliwa ni aliyejaliwa na Mungu. Mbele yake lawekwa jina la Kiingereza, la ubatizo. Jina la kwanza la ubatizo, la pili la utumwa au la kuokoka, na la tatu, ambalo mama alimwita, halimo katika orodha.

Walipopata nafasi ya kuandika waliandika. Kiungani kulikuwa na kiwanda cha chapa ambamo wavulana walipanga herufi kwa mikono yao, na kuanzia 1888 kilitolewa huko gazeti la Msimulizi, ambalo ni miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Mwaka mmoja kabla ya hapo kilitoka London kitabu kiitwacho Kiungani, cha habari za maisha ya wavulana hao: jinsi walivyokamatwa, walivyouzwa na kupita mikono mingi hata pwani. Ukurasa wa anwani wasema wazi kwamba kimeandikwa na wavulana wa shule za Misheni, na kufasiriwa na kuhaririwa na A. C. Madan. Mmoja ana jina. Wengine ni wavulana.

Madan huyu alikuwa mtu wa Oxford aliyeacha cheo chake huko na kuja kufundisha Kiungani bila mshahara. Mwaka 1894 alitoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, na mwaka 1903 ile ya Kiswahili na Kiingereza. Mkutano wa Mombasa ulipochagua Kiunguja mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, moja ya sababu zenye nguvu ilikuwa ni kwamba vitabu vilikwisha kuwapo katika lahaja hiyo. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilitoa kamusi zake mwaka 1939 chini ya Frederick Johnson, nazo zilijengwa juu ya zile za Madan. Kutokana na Kamati hiyo ndipo ilipozaliwa, mwaka 1964, taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam. Basi sisi tuchunguzao Kiswahili katika vyuo vikuu tu warithi wa darasa la Kiungani, tupende tusipende. Miaka mingi Madan alikaa kati ya wavulana waliojua ni neno gani lasemwa sokoni na lipi halisemwi. Ni vigumu mno kwangu kuamini kwamba mwalimu aliandika kamusi mbili katika nyumba iliyojaa wasemaji na asiwaulize.

Hapa naomba ruhusa ya kusema kidogo juu ya neno lenyewe. Kutoa, kujitoa, kujitolea: kitenzi ni kimoja. Kujitoa kwaweza kuwa ni kujitolea mhanga, na kwaweza pia kuwa ni kujiondoa katika jambo, kama mtu ajitoaye katika chama. Ile -le- ya kujitolea ndiyo inayoelekeza kitendo mahali, kwamba mtu anajitoa kwa ajili ya kitu. Katika miaka ya 1960 neno hili lilienea sana Tanganyika kwa kazi za kujitolea, yaani watu wa kijiji kukutana siku moja na kuchimba mtaro au kujenga shule yao, kama Wakenya walivyofanya kwa wito wa Harambee. Katika matumizi hayo mwenye kujitolea na mwenye kufaidi ni mtu mmoja, wala hakuna mgeni. Siku hizi neno limegeuka tena, na katika miji yetu mtu wa kujitolea mara nyingi ni kijana wa Ulaya au Marekani mwenye mkoba mgongoni.

Si kwamba wageni wote hawakuliona tatizo. James Robinson, mchungaji Mmarekani mweusi wa Harlem, alianzisha mwaka 1958 mpango wa Operation Crossroads Africa, na katika majira ya kiangazi ya mwaka huo aliwapeleka wanafunzi wa Amerika ya Kaskazini Afrika Magharibi wajenge pamoja na wanafunzi wa huko, bega kwa bega. Mpango wake ulitangulia Peace Corps ya serikali ya Marekani, ambayo katika vikundi vyake vya kwanza vya 1961 ilileta wapima ardhi na wahandisi Tanganyika. Neno "pamoja" lilikuwa ndilo nguzo ya Robinson. Najua kwamba kulitamka ni rahisi kuliko kulitenda. Lakini angalau yeye hakuliacha kwa sababu ya urefu wa sentensi.

Huenda msomaji akauliza kama watoto wale wangekuwa na hali njema zaidi pasipo Misheni. Jibu langu ni kwamba hapana, wengi wao wangekufa au wangeuzwa tena, na nisingependa mtu atumie makala haya kuwavunjia heshima waliowapokea. Deni ninalolizungumzia ni jingine, la hesabu. Waliojitolea walihesabiwa kila mwaka katika taarifa zilizopelekwa London, pamoja na homa zao na vifo vyao. Waliojitolewa, kama lugha ikiniruhusu kusema hivyo, walitajwa kwa jumla: wasichana kadha wa kadha, wavulana kadha wa kadha, watu wazima wa Mbweni. Wao pia walijenga, na wao pia walikufa kwa homa. Mwaka 1876 Steere alichukua zaidi ya hamsini kati ya watu wazima wa Mbweni akavuka nao mpaka Lindi na kupanda bara kuanzisha mji wa Masasi. Walikata njia, wakajenga nyumba, na mwaka 1882 uvamizi wa Wamagwangwara ulipofika, wao ndio waliokuwa na vya kupoteza. Safari hiyo hujulikana kama safari ya Steere.

Lakini hesabu hiyo haijapotea yote. Nyaraka za Misheni ziko Oxford katika maktaba ya Bodleian, na nyingine ziko kwetu, katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar huko Kilimani. Katika nyaraka za namna hii mtafiti huanza na vitabu vya ubatizo na vya ndoa, ambamo mtoto hupata walau mstari mmoja wa jina na tarehe. Wanahistoria wamezisoma kwa ajili ya maaskofu, na katika miaka ya karibuni baadhi yao wamezisoma kwa ajili ya wafanyakazi. Mimi ningependa zisomwe mara nyingine na mwanalugha, ajuaye Kiyao na Kimakua pamoja na Kiswahili, akitafuta majina: lipi ni la kwao, lipi walipewa jahazini, lipi kisimani pa ubatizo, na tena akilinganisha majina hayo na miaka ambayo Steere na Madan walikuwa wakikusanya maneno. Kazi hiyo yataka kama miaka minne na macho mazuri, maana wino wa vitabu vile umefifia. Mwanafunzi atakayependa kuianza na aje tuzungumze. Aanze na kitabu cha ubatizo cha miaka ya 1870, kabla wadudu hawajakimaliza.